Nyumba Yetu Chini ya Kilima cha Kiptere

Mpendwa Baba Kemunto,

Wewe umelala. Mimi bado nalala usingizi wa mang'amung'amu. Upepo ukitikisa mlango nimeshaketi kitandani, nasikiliza. Nakuandikia nikiwa na hasira kidogo, maana ni wewe uliyenileta hapa, kisha ukatangulia ukaniacha nijibu maswali ya watu peke yangu.

Unakumbuka siku tulipokuja kuiona hii nyumba? Vita vya kikabila vya tisini na mbili vilikuwa bado vibichi vichwani mwa watu. Wenzetu walikuwa wanafunga virago kurudi Kisii, na wewe ndiyo kwanza unatafuta nyumba kwa Wakipsigis! Mwalimu mstaafu alikuwa anauza ili akaishi na wanawe Bomet. Nyumba ya mbao, mabati yenye kutu, na kuizunguka pande zote majirani waliozaliwa papo hapo na babu zao wakazikwa papo hapo. Nikakuambia una wazimu. Ukacheka.

"Mama Kemunto, miaka yote hii nimekaa kwa nyumba ya laini, nyumba ya kampuni ya chai. Hata msumari wa kutundika koti naomba ruhusa. Nimechoka."

Ukafuata kila kitu sawasawa: chifu, bodi ya ardhi, hati ya shamba ukaiweka chini ya godoro. Halafu tukafanya kosa la watu wa laini. Mtu aliyechuma chai ya kampuni maisha yake yote, akipata shamba lake la kwanza, hulifunga. Wiki ile ile ukazungusha seng'enge, kona hadi kona.

Hatukujua kwamba njia ya wanawake wa kule juu kwenda chemchemi ilipita katikati ya shamba letu. Mwalimu hakutuambia, pengine hata hakufikiri ni jambo la kuambiwa mtu. Na wao hawakusema neno. Walizunguka kilima na mitungi ya maji mgongoni, wakatusalimia vizuri, "Chamge, chamge," wakapita. Hakuna aliyeingia kwetu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami niliusubiri huo mshindo kila siku, nguo za Kemunto zikiwa kwenye mfuko karibu na mlango.

Mpaka Mama Chebet, jirani wa juu, aliposimama nje ya seng'enge akaniita.

"Mama Kemunto, sisi hatuna shida na nyinyi. Lakini hapa ndiyo tunapitia tangu zamani. Mtu akikuja, kitu ya kwanza anafunga njia, tunajua huyo hajakuja kukaa."

Nilipokuambia, ulichukua koleo ukatoka, na kabla ya chakula cha jioni seng'enge ya pande mbili ilikuwa chini. Ulikuwa umeona aibu mpaka masikio. Kesho yake wanawake wakapita chini ya dirisha letu na vicheko vyao, na Mama Chebet akatuletea kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Mimi nikalalamika kwamba sasa hakuna kulala. Wewe ulisimama dirishani na kikombe chako, umefurahi kama bwana harusi. Nilikupenda sana asubuhi ile, na sikukuambia.

Kabla kifua hakijakuchukua, ulisema uzikwe hapa. Ndugu yako Mogaka alikubali kwa shingo upande. Sasa kura inakaribia tena, na maneno ya kufukuza wageni yameanza sokoni. Jumamosi Mogaka alifika na mtu wa kununua shamba. Mtu huyo akapima kwa macho, akapenda udongo, akapenda maji. Alipofika nyuma ya jikoni, akasimama mbele ya kaburi lako.

"Na huyu?"

"Huyo ni mwenye nyumba," nikamwambia.

Akaondoka bila hata kumaliza chai. Mogaka akanigeukia, amewaka.

"Basi tunamfukua! Twende na yeye kwetu. Mwenda kwao si mtumwa. Hapa mkichomewa nyumba, kaburi litachungwa na nani?"

Swali hilo hilo ndilo linaloninyima usingizi. Lakini sauti ya Mogaka ilikuwa imefika juu, na Mama Chebet akateremka na mume wake, arap Rono, yule mzee asiyependa maneno mengi. Mzee akamsikiliza Mogaka mpaka mwisho. Kisha akasema polepole:

"Huyu ni mtu ya kokwet, baraza yetu ya majirani. Sisi majirani ndio tulichimba hapo, tukamweka. Sasa kama unataka kumtoa, si huyu mama unauliza. Unakuja kwa kokwet, tunakaa chini, unatuomba. Na mimi nakuambia mapema, tutakataa."

Mogaka alilala kwetu, asubuhi akaenda zake bila kurudia neno lile.

Kwa hiyo wewe hutoki. Umeshapata wenyeji wa kukugombania. Mimi hakuna aliyenigombania bado, na sidanganyi, naogopa. Leo asubuhi nimemuuliza Mama Chebet waziwazi: siku ya kura ikiharibika, itakuwaje kwangu na mtoto? Nikaona na yeye anaogopa. Kisha akasema, "Utakuja kwangu. Wakikuja, watapata sisi wawili."

Nimekubali. Pumzika, mume wangu. Usiku wa leo nitajaribu na mimi.

Mkeo anayekukosa,
Mama Kemunto