Copilote wa Papa Hilaire

Siku ya pili, 3 Juni 2025

Nimechoka. Michée anaota meno, usiku mzima tulitembea naye. Na sasa bwana yangu Adrien amerudi toka Lubumbashi na volan, usukani wa plastiki, na pedali tatu, za okazyo, bengine bamezitumia, anazifunga kwenye meza yangu ya kulia kwa mpira wa baiskeli! Ni za muchezo wa rally, mbio za magari, kwenye ordinatere, ile kompyuta yake. Si muchezo wa batoto, anasema: gari iko na uzito, inateleza kwenye changarawe, ukigonga jiwe radiateur inapasuka na mbio zimeisha. Nikamuliza: na sahani nitaweka wapi? Anacheka. Nimemupa mpaka saa kumi na mbili jioni. Kisha meza inarudi kuwa meza.

Siku ya ine, 5 Juni

Ajabu! Papa Hilaire ameinuka. Baba ya Adrien—miaka makumi tatu aliendesha kamyo kubwa za kubeba mawe ya mugodi huko Panda. Tangu goti iharibike ni muntu wa kiti cha mulangoni, "ndiyo" na "hapana", basi. Leo alisimama nyuma ya mutoto wake, akatazama gari yake ikianguka mutoni mara ine. Kisha: "Toka. Unashika volan kama unakamua nguo." Akakaa. Pedali ni nyepesi, goti haikulalamika. Gari ikapanda kilima chote bila kuzimika, na yeye akaimba polepole, kinywa kimefungwa. Kumbe anaimbaka!

Siku ya posho, 7 Juni

Shida ni kona. Katika rally dereva haoni kona zinazokuja, copilote anamusomea. Copilote wa ndani ya ordinatere anasema Kiingereza, mbio-mbio, hakuna anayeshika neno. Basi minye mwenyewe nimeandika njia yote ndani ya kaye ya shule. Kona makumi tatu na moja: kushoto laini, kuume kali, jiwe ndani, daraja. Kaye mukononi, Michée mugongoni.

Clovis, rafiki ya Adrien wa kazi kule Kakontwe, amesikia. Anataka mashindano hapa kwetu, siku ya Mungu tarehe 15. "Muzee, kamyo si rally!" alimuambia Papa mbele ya bote. Papa alirudi kwenye kiti chake. Lakini jioni amenyoa ndevu. Tukishindwa vibaya, namujua—atarudi kwenye kile kiti na hatainuka tena.

Siku ya kwanza, 9 Juni

Haya! Tumeanguka mara kumi na moja, na kosa ni langu. Huyu ni bukwe yangu, baba ya bwana yangu. Tangu ndoa sijamutazama machoni, sijapaza sauti mbele yake, chakula namupa nimepiga magoti. Sasa nimuamuru? Nilisema: "Papa, samahani, kama munapenda, mbele kidogo kuko kona ya kuume—" Kufika "kuume", gari ilikuwa tayari katikati ya miti! Adrien alicheka mpaka akakohoa. Papa hakucheka.

"Mama Michée, heshima yako inaniua."

Siku ya tatu, 11 Juni

Papa amepitia njia ya desturi. Asubuhi ametafuta kuku, mweupe, munene, amemuweka mbele yangu, Adrien akiwa shahidi. "Huyu ni wa kufungua kinywa. Ndani ya gari minye si bukwe yako. Minye ni dereva. Piga kelele." Nilipokea kwa mikono mibili.

Jioni: "KUSHOTO KALI! FRENI! FRENI, PAPA, UNALALA?"

Lile neno la mwisho liliniponyoka. Akakanyaga, gari ikapita kando ya shimo, akasema: "Vizuri. Endelea na matusi."

Tumemaliza njia! Dakika ine na segonde 31. Clovis iko na dakika ine na 26. Nimecheka mpaka maziwa yamelowesha blauzi.

Siku ya tano, 13 Juni

Jino limetoka! Moja, chini. Michée amelala, na minye pia. Leo hakuna rally, nimekataa. Dereva alinung'unika. Nimemuambia copilote iko konje, anapumzika. Ametii.

Siku ya Mungu, 15 Juni, saa tisa

Naandika nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya ndoo. Sebule imejaa, benchi za jirani zote ziko kwetu. Kila timu inaendesha njia mara mbili. Clovis amefanya dakika ine na segonde 22, anacheza dansi.

Kisha mama yangu akaingia, toka misa, bila kutoa habari. Mama Bibiane! Yeye ndiye alinifundisha kupiga magoti. Akakaa nyuma yangu kabisa. Nikafungua kinywa: sauti ya panya. Tukagonga ukuta wa daraja.

"Muzee, umeparki vizuri!" Clovis huyo. Bote wakafa kwa kicheko.

Papa hakunigeukia. Alisema tu: "Mara ya pili." Na papo hapo courant ya umeme ikakatika. Hajainuka. Iko mbele ya ekran nyeusi, mikono juu ya volan, anangoja.

Mama amenifuata huku. Nilimueleza kila kitu, macho chini. Akaniambia:

"Muzee amekufungua kinywa kwa desturi, mbele ya shahidi. Na weye unakifunga tena? Hiyo sasa ndiyo kukosa heshima, Josée."

Akafungua kitenge changu, akamuchukua Michée, akamufunga mugongoni kwake.

"Na ile kona ya daraja, hata minye niliiona. Ulichelewa."

Jirani banapiga kelele—courant! Friji inavuma. Papa anaita: "Copilote!" Mama yuko tayari benchi ya mbele, namusikia anamuambia Clovis asogee. Nakunywa maji kwanza, nipate kupiga kelele vizuri.