Kodi ya Watu Wawili

Decorah, Iowa
Tarehe 9 Oktoba

Kwako mdogo wangu Einar,

Salamu zangu zikufikie huko Arizona, zikukute goti limepoa na wewe umeacha kupanda ngazi. Hapa mahindi yamevunwa kabla ya mvua, na Marlys anakushukuru kwa machungwa.

Uliniuliza kwenye simu kama nimerukwa na akili. Habari uliyosikia ni ya kweli. Naihamisha akiba yangu ya uzeeni kutoka akaunti ambayo kodi hukatwa unapotoa fedha, naiweka katika ile ambayo kodi hulipwa sasa, kisha haidaiwi tena. Nusu nahamisha mwezi huu, nusu nyingine Januari mwanzoni. Kodi yenyewe nitailipa kwa fedha za shamba la mtoni.

Ulinikumbusha maneno ya baba, kwamba kodi ni kama jino, haling'olewi kabla halijauma. Hata wenzangu tunaokunywa nao kahawa kwenye maghala ya nafaka wamenicheka. Duane, jirani yangu, alisema, "Mzee Halvor, serikali haijabisha hodi, wewe umeshaitengea kiti!" Mwingine akadakia kwamba katika umri wa miaka sabini na sita sitaishi kuifaidi hiyo akaunti, bora ninunue trekta jipya. Tukarusha dadu kama kawaida, nikashindwa, nikawalipia wote kahawa. 

Marlys hakucheka. Alisubiri nimalize supu, akasema tumeoana miaka arobaini na minane na hajawahi kuniona nikiharakisha jambo lolote, hata siku ya harusi nilichelewa. Kisha akauliza, "Sasa niambie, baba Karin, daktari kasema nini?"

Nilikuwa nimepanga kumwambia baada ya Sikukuu ya Shukrani mwezi ujao, watoto wakisharudi makwao. Lakini swali la namna hiyo halikwepeki. Nikamwambia, na wewe sasa nakuambia: ni saratani ya kongosho, na haiwezi kupasuliwa. Daktari hatoi ahadi kwamba nitayaona masika.

Unajua sheria yetu. Mume na mke hutozwa kodi kwa viwango vya wawili, vilivyo nafuu. Mmoja akifa, mwaka unaofuata aliyebaki hutozwa kama mtu aliye peke yake, na akiba ni ileile. Sitaki Marlys aje kulipa zaidi kwa sababu tu kiti changu ni kitupu. Ndiyo maana nang'oa jino kabla halijauma. Litakalouma silo langu.

Alilia kidogo, akaosha vyombo, kisha akarudi na kalamu yake ya kukagulia hesabu. Alisema yeye ana nia ya kufika miaka tisini na tano, kwa hiyo nisihamishe kidogo kwa woga. Tukakubaliana kuhamisha yote.

Usinihurumie. Mtu akiuona mwaka hata kwa siku moja, kodi ya mwaka huo huhesabiwa kwa wawili. Hata daktari habishi kwamba nitafika Januari. Nikiuona mwaka mpya na kutia sahihi ile nusu ya pili, kazi yangu imekwisha. Siku zitakazobaki ni faida, nami nitazitumia kumshinda Duane kwenye dadu.

Njoo Krismasi, ulete machungwa. Usimpigie Karin simu. Nitamwambia mwenyewe Jumapili. Marlys anakusalimu, na anakuagiza uwe mwangalifu na hilo goti.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Halvor Tveit