Kipepeo Aliyeleta Mgeni

Linet shoga, nimekwisha! Nimekwisha mimi!

Yule kipepeo wangu mdogo wa kahawia, anayeruka kwa kushtukashtuka kama panzi? Profesa wangu wa chuo alipoona picha alisema huenda ni aina mpya kabisa, haijapewa jina duniani. Akasema leo anakuja huku kijijini Ganda amwone mwenyewe.

Nimeenda kuoga tu. Narudi, chupa niliyomfungia iko tupu!

"Nyanya, kipepeo wangu yuko wapi?"

"Nimemfungulia dirisha. Kipepeo akiingia nyumbani, mgeni yuaja. Ashafikisha habari, wamfungia nini?"

AMEMFUNGULIA DIRISHA, Linet! Dirisha!

Papo hapo nasikia hodi. Profesa huyo, kamera shingoni, meno yote nje.

Nyanya akanigeukia, mwiko mkononi: "Si nilikwambia? Mkaribishe, wali uko tayari."