Kiti cha Asiyekuwepo

Babu,

Ng'ombe wako mweusi amezaa ndama jike, na mahindi ya upande wa mtoni tumeshayavuna. Naanza na habari hizi kwa sababu uliponipigia simu kutoka Nairobi ulikuwa unauliza hivyo hivyo: ng'ombe kwanza, mahindi, halafu alama zangu. Za alama nitakuambia mwisho.

Mazishi yako yalikuwa makubwa mno kwangu. Helikopta zilitua kwenye uwanja wa shule ya msingi, ng'ombe wa jirani wakaruka ua kwa woga. Nilikuwa nimekaa mbele, lakini walinzi wakaniondoa kwa sababu hawakunijua. Wageni walisimama mmoja mmoja wakazitaja wizara zako: Maji, Kilimo, Ardhi. Walisema ulianza ukiwa wakili kijana mwenye ofisi ndogo mjini Eldoret, juu ya duka la misumari na mabati, ukaingia Bungeni na kudumu kuliko wenzako wote. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nangoja mtu mmoja tu ataje kile kiti. Hakuna aliyekitaja.

Kwa hiyo nakitaja mimi. Kiti cha mbao cha ile ofisi ya kwanza, chenye mguu uliofungwa waya. Kila Jumamosi uliyokuwa nyumbani, watu walikuja kutoka mji mdogo wa Ziwa, na hata kutoka Cheptiret, na kesi zao za mipaka na ndoa. Kabla mtu hajafungua mdomo, ulinituma nilete kile kiti nikiweke mbele yao, kitupu, na nimimine kikombe cha chai nikiweke mbele yake. Kiti na chai vilikuwa vya yule anayelalamikiwa, ambaye hayupo. "Sasa sema," ulikuwa unawaambia, "lakini sema kama anakusikia." Wengi walianza kwa hasira, wakatazama kile kikombe, sauti zikashuka.

Unamkumbuka Mzee Abdi wa duka la nguo, jirani yetu, alivyokutania? "Mheshimiwa, huyu jamaa wako hanywi. Chai yake nipe mimi!" Nawe ukamjibu, "Ngoja, Abdi. Akikuja atakunywa nini?"

Siku moja nilikuuliza kwa nini uliacha uwakili. Ulisema mahakamani ulikuwa unasikiliza mtu mmoja mmoja, ukafikiri Bungeni utasikiliza wote. Nikauliza kama uliwasikia. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Jerop, kule kila mtu anaongea."

Sasa nakuambia jambo ambalo limeniuma, na usinikasirikie. Uliwaandikia wosia watu wa kata nzima. Wako hukuuandika. Tulitafuta kila mahali, hakuna. Nafikiri uliona bado kuna wakati. Hata ulipokuwa huwezi kujigeuza kitandani, ulikuwa bado unasema utarudi ofisini.

Aliyekuwa anakugeuza ni Shangazi Lea. Yeye ndiye aliyekulisha uji kwa kijiko, akikuita Mheshimiwa ili umeze. Tangu ndoa yake ivunjike hana pengine pa kukaa ila ile nyumba ya mabati nyuma ya zizi, na bustani yake ya mboga, sukuma wiki na managu.

Juzi wazee wa ukoo walikuja kugawa shamba. Vigingi vilikuwa vimeshachomekwa, kimoja katikati ya sukuma za Shangazi. Baba Mkubwa alisema, "Lea aliolewa. Hapa hana sehemu." Baba yangu hakumtetea dada yake. Babu, uliwahi kusimama Bungeni ukatetea haki ya binti kurithi, nasi tukakutazama kwenye televisheni tukipiga makofi! Baba Mkubwa ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Na saa ile Shangazi mwenyewe alikuwa jikoni, anawapikia chai.

Alinipa sinia nipeleke. Niliwagawia wote, kikabaki kikombe kimoja. Sikuwa nimepanga lolote, Babu. Miguu yangu ilienda tu chumbani kwako. Nilikibeba kiti, nikakiweka katikati ya sebule, na kile kikombe nikakiweka mbele yake.

"Hiyo kiti ni ya nani?" Baba Mkubwa akauliza.

"Ya Shangazi Lea."

"Wewe ni mtoto. Rudi jikoni."

Nilitaka kurudi. Lakini Mzee Abdi, ambaye alikuwa ameitwa kushuhudia mpaka wake, aliweka kikombe chake chini. Alikitazama kile kiti kwa muda. "Leo chai ya huyu siiombi," akasema. "Mwiteni akuje."

Baba yangu ndiye aliyeinuka kwenda jikoni.

Shangazi alikuja akijifuta mikono kwa leso. Kwanza alikataa kukaa, akasema atasimama tu. Halafu akakaa, ukingoni, kama mgeni. Chai ilikuwa imepoa lakini aliinywa yote. Ndipo akasema. Hakulia wala hakumtukana mtu. Alieleza tu jinsi ulivyokuwa ukiamka asubuhi na mambo uliyokuwa ukiyaomba, na akauliza akiondoka aende wapi. Baba Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa.

Hawajaamua bado. Sitaki kukudanganya. Wazee wamesema watarudi, na safari hii Shangazi ataitwa tangu mwanzo. Lakini jana jioni nilimwona Baba Mkubwa peke yake kwenye bustani ya sukuma. Alikuwa anaking'oa kile kigingi.

Nimekukosa sana. Simu ya nyumbani ikilia bado nakimbia kuipokea.

Alama zangu: Kiswahili na historia ni nzuri, hisabati inanisumbua. Nitajitahidi, kwa sababu nataka kusomea sheria. Nikifika huko, nakuahidi nitakwenda na kiti chako, waya na yote. Na nisipofika, Babu, bado nakuahidi hivi: palipo na watu wanaomjadili mtu asiyekuwepo, nitamwekea kiti, kisha nitakwenda kumwita.

Pumzika sasa. Jumamosi chai nitaimimina bila kutumwa.

Mjukuu wako,
Jerop