Sahani ya Kufunikia Unga

Rwezamenyo, Kigali, 1992

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza nayo kwa sababu najua ungeacha kusoma kama ningeisahau. Magoti yanaendeleaje, na yule mbuzi wako mkorofi bado anakula kanga za watu? Sisi hatujambo. Vita unavyovisikia redioni viko kaskazini, mpakani. Hapa mtaani mume wangu Yusufu anashona na mimi natia vifungo. Usikose usingizi kwa ajili yetu.

Leo nina furaha mpaka mwandiko unanipotea. Ni habari ya sahani.

Nilikuandikia kwamba mamamkwe ana sahani ukutani kama zetu za Pangani, na kwamba haniruhusu kuzigusa. Miaka mitatu nafagia chini yazo tu, kama mgeni aliyesahau kuondoka. Husema babu yake alizileta kutoka pwani, ingawa majirani humcheka chinichini kwamba mzee alizinunua hapahapa sokoni. Anayoipenda kuliko zote ina maua mekundu, na nyuma ina mhuri wa simba. "Iko na maandishi," humwambia kila mgeni. "Ndiyo mukubwa yao." Ile isiyo na maandishi, ya buluu iliyofifia, ilikaa jikoni ikifunika mtungi wa unga.

Sasa wifi yangu Zaina anaolewa. Juzi akapita mchuuzi anayebadilisha vyombo vya zamani kwa vipya vya plastiki, na mamamkwe akaona hapo ndipo bibi harusi atakapopatia mabeseni. Akamletea ile ya buluu. "Chukua hii. Iko mubovu, chini iko na matundu."

Niliposikia matundu, niligeuka kuitazama. Wewe ndiye uliyenilea nikiosha sahani, ukanizoeza kuigeuza kwanza kabla sijasema neno. Lakini nitasemaje? Nimkosoe mamamkwe mbele ya mtu baki, tena siku za harusi, mimi ambaye sijaruhusiwa hata kupangusa vumbi? Nikasema, "Mama, naomba niioshe kwanza, asiichukue na unga." Akakubali.

Nikaiosha uani. Nikaigonga kwa ukucha, ikatoa mlio mrefu. Nikaielekeza juani, nikaona kivuli cha vidole vyangu upande wa pili. Ukingo wa chini ulikuwa mkavu, haukupakwa ile rangi ya kung'aa, na chembe za mchanga zimegandia, zile za tanuru za Wachina ulizonionyesha. Hakuna jina la nchi wala la kiwanda. Na kwenye ukingo huohuo kulikuwa na matundu mawili yaliyotobolewa kwa keekee, yamekaa sawasawa na ya sahani yako ya chumbani.

Nilirudi ndani. Nikachukua uzi mnene wa Yusufu, nikaupitisha matunduni, nikafunga, nikaitundika kwenye msumari wa kalenda. Ikakaa wima, uso mbele.

Mamamkwe akaketi mkekani. "Umva, sikia," akasema polepole. "Matundu iko ya kutundika?" Nikamweleza kwamba watu wa zamani kwetu walizitoboa hivyo ili zining'inie ukutani, na kwamba hakuna duka la huku lililouza sahani iliyotobolewa. Aliyeileta hii aliitoa kwenye ukuta wa nyumba ya pwani. "Basi babu yangu hakudanganya," akasema. Akalia, mama, huku anacheka. Mchuuzi akaongeza mabeseni mawili na birika. Akaambiwa oya, hapana, akapewa chai akaenda zake.

Kisha likaja swali nililoliogopa. Akaishusha mwenyewe ile yenye simba, akanipa mkononi: "Na hii?" Ilikuwa nzito, jua halipenyi, na chini ya simba kuna jina la nchi ya Ulaya. Nikamwambia kweli: zilizoandikwa jina la nchi namna hiyo ni za tangu enzi za Wajerumani. Ni nzuri, lakini ni mjukuu wa ile ya buluu. Nilijua nimejiharibia.

Akaitazama sana. "Niliweka mutoto ukutani, mukubwa jikoni," akasema, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Yenye simba amepewa Zaina, naye kaipenda kwa maua yake. Mimi nikaambiwa, "Ijumaa utashusha yote, mukazana wanjye, utaosha. Mimi nitashika kitambaa." Alikuwa hajawahi kuniita mkwe wake kwa kinywa chake. Leo ndiyo Ijumaa yenyewe, na vidole bado vimekunjamana kwa maji.

Nilipoolewa ulitaka kunipa sahani yako ya chumbani, nikakataa nikihofia itavunjika njiani. Nilikosea. Mchana huu mamamkwe amechukua nyundo, akapigilia msumari mwingine kando ya ile ya buluu. Nikamuuliza ni wa nini. "Hapa iko ya mama yako," akasema. "Mwambie akuje nayo kwa harusi."

Nisalimie kaka yangu mwashi, na shangazi wa vitumbua, umwambie vya huku havina iliki. Babu mwadhini mpigie magoti kwa niaba yangu, kama magoti yako yatakubali.

Njoo, mama. Ifunge kwa kanga mbili, uipakate njia nzima. Msumari nimeujaribu kwa mkono, hautikisiki.

Mwanao, mkwe wa watu,
Mwanaidi