Hakuna Aliyeniuliza Kuhusu Figo Yangu

Jumamosi, Sekei. Baridi ya Juni imeingia mpaka kwenye mifupa, na tangu asubuhi mlima haujaonekana.

Nimejifungia chumbani niandike haya kabla moyo wangu haujabadilika.

Wiki mbili zilizopita majibu ya vipimo yalitoka: figo yangu inamfaa kaka Eliakimu, ambaye huu ni mwaka wa pili anaishi kwa kusafishwa damu. Mama alipiga vigelegele palepale kwenye korido ya hospitali. Jumapili tukaitwa mbele kanisani, ikatolewa sala ya shukrani. Baba mdogo akapiga simu kutoka kijijini Akheri kusema mbuzi wa sherehe ameshatengwa.

Hakuna aliyeniuliza.

Tangu hapo nimekuwa yai. Sibebi ndoo, sipandi bodaboda. "Kula, Ndeshi, usije ukatuangusha," mama ananiambia, nami nakula. Nampenda kaka yangu. Ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Sasa nitaanzaje kusema kwamba naogopa kupasuliwa?

Leo mchana kaka alitaka tuangalie filamu ya mapigano, kama kawaida yake. Humo kuna kampuni inayotengeneza nakala za matajiri na kuzilaza handakini, zingoje kutolewa viungo siku wenyewe watakapougua. Nakala moja, mwanamke, inaamka. Anawaangusha walinzi, anavunja vioo, risasi zinamfuata. Kaka alikuwa anashangilia.

Mimi nilikuwa nalia.

Kaka akaizima. "Ndeshi, hivi wewe ulikubali?"

"Vipimo vililingana."

"Sijauliza vipimo."

Nikajifuta machozi. Kaka akajishika kichwa. "Kila siku nakushukuru, kumbe hata sijakuomba." Akanyanyuka taratibu, akishikilia ukuta, akaenda jikoni. Nilimsikia: "Mama, hakuna upasuaji mpaka Ndeshi aseme mwenyewe."

"Unataka kufa, Eliakimu?"

"Hapana, mama. Ila sitaki kuishi kwa kumwibia mdogo wangu."

Sufuria ikaanguka. Baadaye mama akaja chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuomba msamaha. Aliuliza tu, "Unaogopa?"

"Naogopa, mama."

"Nilijua," akasema, akitazama sakafu. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Nilidhani siku nikiulizwa nitapumua. Wapi! Nikisema hapana, huenda nikamzika kaka yangu. Nikisema ndiyo, labda ni macho ya mama yatakayokuwa yamesema. Mwanamke wa kwenye filamu alikuwa na walinzi wa kupigana nao. Mimi wanaonibana ni watu ninaowapenda.

Jumatatu nitaingia kwa daktari peke yangu, mama abaki nje. Nitamuuliza yote, hata lile la kama nitaweza kuzaa nikiwa na figo moja, ambalo nimeona aibu kulitaja mbele ya watu. Kisha nitajibu kwa mdomo wangu.

Ila baada ya wiki mbili za kujibiwa na wengine, nitaitambua kweli sauti yangu?