Utani wa Dawa Kwenye Mkate

Jumatano, Bariadi

Mdomo wangu huu! Jana mjukuu wangu Kabula alinirekodi nikitoa mikate kwenye tanuri, aweke status wateja wajue bado ya moto. Nikatania: "Nimetia dawa, mkionja lazima mrudi."

Wateja wetu walicheka. Leo video iko kwenye magrupu ya watu nisiowajua, na hakuna aliyeagiza mkate. Mmoja kaandika, "Mwoneni macho yalivyo mekundu." Moshi wa kuni huo, mbwiga wewe!

"Babu, nimeifuta," Kabula akaniambia huku analia.

"Nifute na macho basi." Hakucheka.

Huku kwetu macho mekundu yameua wazee ambao uchawi hawakuujua.

Sasa pikipiki imesimama nje. Taa inawaka, na hakuna anayepiga hodi.